Gari Lililo Giani

Gari lililo giani halijasimama.

Ndiyo kauli mliyoisikia jana baada ya sala ya Alasiri, pale barazani pa msikiti, majirani wawili walipotakiwa wapeane mikono, na mmoja wao akajibu kwamba yeye hana neno na mwenzake, amenyamaza tu. Mzee mmoja akamjibu kwa maneno hayo manne, na yule bwana akainamisha kichwa kama aliyepigwa. Nanyi, wanangu, mkatazamana, mkacheka chini chini, mkaulizana tangu lini magari yakaingia katika mambo ya suluhu. Swali lenu ni la haki, na kicheko chenu kina udhuru, kwani hamkujua. Aliyeitamka kauli hii kwa mara ya kwanza hakuwa mtunga methali. Alikuwa mpakia chumvi, na siku aliyoitamka hapakuwa na mtu aliyecheka. Chanzo chake ni hiki.

Kaskazini ya Tanga, mahali ambapo mikoko imerudi nyuma na ardhi imebaki tambarare kama kiganja, palikuwa na mashamba ya chumvi yaitwayo Mkokoni. Maji ya bahari yalivutwa kwa pampu yakaingizwa majarubani, jua likayanywa siku baada ya siku, na chini yakabaki mawe meupe ya chumvi. Baina ya jaruba na jaruba palikuwa na tuta la udongo, refu, lililonyooka, upana wake lori moja na mtu mmoja wa kutembea ubavuni mwake. Asiyezoea kupaona hudhani ni mahali pa baraka, kwa weupe wake. Waliofanya kazi pale waliujua weupe ule kwa nyufa za nyayo zao.

Dereva wa lori la Mkokoni aliitwa Hatibu bin Mwinjaka. Alikuwa mtu wa makamo, mcha Mungu, aliyehitimu chuoni akiwa mdogo, na sala ya Alfajiri haikumpita hata akiwa safarini. Alikuwa na mdogo wake, Chande, kijana asiyeoa bado, ambaye kazi yake ilikuwa kuiangalia pampu. Wote wawili waliishi kwa mama yao, Bi Tunu, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Wakila kutoka sinia moja, wakilala chini ya paa moja, na kwa muda wa miaka miwili Hatibu hakuwa amemwita mdogo wake kwa jina lake.

Sababu ilikuwa msiba. Baba yao, Mzee Mwinjaka, alifariki alfajiri moja Hatibu akiwa amepeleka chumvi Moshi. Zama hizo hapakuwa na simu mkononi mwa kila mtu. Chande alimngoja kaka yake hadi adhuhuri, kisha wazee wakamkumbusha kwamba maiti hacheleweshwi, naye akaridhia, wakazika kabla ya Alasiri. Hatibu aliingia kijijini magharibi, mkononi ana shuka mpya aliyomnunulia baba yake, akakuta udongo wa kaburi mbichi ungali na alama za viganja vya watu. Hapakuwa na mkosa. Ila huzuni, ikikosa mlango wa kutokea, humtafuta mtu wa karibu ikamtokea yeye. Hatibu alisimama mbele ya waliokuwa wamekaa mkekani matangani, akamtazama mdogo wake, akasema kwa sauti ya chini iliyosikiwa na wote, “Wallahi, jina lako halitatoka tena kinywani mwangu.”

Tangu siku ile hakumpiga wala hakumtukana, na wala hakumsema vibaya kwa watu. Alimnyamazia tu. Kila asubuhi Chande alimwambia, “Shikamoo, kaka. Asalaam aleikum.” Hatibu aliitikia salamu ndani ya kifua chake, ili asidaiwe na Mola wake, lakini hakuitoa sauti, ili mdogo wake asifaidi. Akiwa na haja naye kazini, alipeleka ujumbe kwa mtu wa tatu: mwambieni yule wa pampu maji yamezidi jaruba la nne, mwambieni yule wa pampu mama anamtaka mapema. Wapakiaji wakazoea, na mazoea yakazaa mzaha. Mmoja wao, Kibwana, ambaye kazi yake ilikuwa kupanga magunia juu ya lori, alipenda kusema, “Mimi hapa si mpakia chumvi, ni posta ya ndugu wawili, na barua zote ni za upande mmoja.” Watu walicheka. Chande naye alicheka, huku akitazama chini.

Bi Tunu hakucheka. Kila Ijumaa, Hatibu akirudi kutoka msikitini, mama alimketisha akamwomba jambo lile lile, na kila Ijumaa alipewa jibu lile lile.

“Mama, mimi nimesimama,” Hatibu alikuwa akisema. “Simgusi, simtukani, simsengenyi. Hakuna baya linalotoka kwangu kumwendea. Wataka nini zaidi?”

“Nataka umwite kwa jina nililompa,” mama alikuwa akijibu. “Si zaidi ya hilo.”

Mwalimu wa msikiti naye alimwita faraghani, akamkumbusha kwamba si halali kwa Muislamu kumhama ndugu yake zaidi ya siku tatu, na kwamba kiapo cha namna ile hakimfungi mtu milele: huvunjwa, na kafara yake ni kulisha masikini kumi, na asiyeweza hufunga siku tatu. Hatibu hakubisha. Alikubali kwa unyenyekevu, akasema atazifunga siku zile tatu msimu wa chumvi ukiisha. Msimu ukaisha, akasema baada ya masika. Masika yakapita, akaona ni vyema kwanza Ramadhani ipite. Hakuwa mtu wa kukana haki. Alikuwa mtu wa kuiahirisha, na kila alipoiahirisha moyo wake ulitulia, kwa sababu alijiona ana nia njema.

Sasa sikilizeni juu ya lori lenyewe. Pale Mkokoni walikuwa na desturi yao ya kupakia, ambayo sijaisikia mahali pengine. Magunia ya chumvi yalipangwa ukingoni mwa tuta kutoka mwanzo hadi mwisho, na mikono ya kuyanyanyua ilikuwa michache. Kwa hiyo Hatibu, badala ya kukaa usukanini na kusimamisha lori kila hatua kumi, alilitia gia namba moja, akaachia klachi polepole, akaondoa mguu kwenye mafuta, kisha akashuka. Lori halikuzimika wala halikukimbia. Lilijikokota lenyewe kwa nguvu ya injini, mwendo wa mzee mwenye mkongojo, na magurudumu yake yakifuata mifereji iliyochimbwa na magurudumu ya miaka mingi, yasiweze kutoka kulia wala kushoto. Usukanini hapana mtu. Hatibu akitembea ubavuni pamoja na mpakiaji mwenzake, Mzee Singano, wakirusha magunia juu, na Kibwana akiyapokea na kuyapanga. Walipokaribia mwisho wa tuta, Hatibu alikimbia mbele, akapanda, akalizima.

Kibwana alikuwa na msemo wake kwa hilo pia. Alisema lori lile limelihifadhi tuta kama mtoto wa chuoni alivyoihifadhi juzuu, halihitaji mwalimu wa kulifuatisha. Mzee Singano peke yake hakuipenda desturi ile. Yeye aliwahi kuendesha malori ya mkonge ujanani mwake, na mara kwa mara alimwambia Hatibu alitoe gia anapolishuka. Hatibu alimjibu kwa adabu kwamba lori halikanyagiwi mafuta, ni kama limesimama.

Siku ya tukio ilikuwa Jumatano, kama saa nne za asubuhi, upepo wa kusi ukivuma na kuyakunja maji majarubani. Walikuwa tuta la mwisho, lile ambalo bomba la chuma la pampu hulikata kwa juu, karibu na ncha yake. Chande hakuwa na kawaida ya kufika upande ule Hatibu akipakia; msimamizi, kwa busara yake, aliwapangia kazi mbalimbali. Lakini asubuhi ile majani ya baharini yaliziba mdomo wa bomba, naye akaja kuyazoa. Akachutama katikati ya mfereji wa magurudumu, mgongo ukilielekea lori, uso kauelekeza kwenye bomba, na mikono imezama ndani hadi viwikoni. Pampu ilikuwa ikinguruma kando yake. Mngurumo wa pampu na mngurumo wa lori ulikuwa mmoja. Sikio lililozoea wa kwanza lisingeutenga wa pili.

Hatibu alimwona alipoinua kichwa baada ya kurusha gunia. Palikuwa na hatua kama arobaini baina ya lori na mgongo ule. Aliutambua mara moja, kwa maana alikuwa ameubeba mgongoni mwake yeye mwenyewe ulipokuwa mgongo wa mtoto.

Jina likapanda. Lilitoka kifuani, likafika kooni, likafika menoni. Na pale menoni likakuta miaka miwili imesimama mlangoni. Wanangu, mtu hufa kwa alichokizoea. Kinywa cha Hatibu, kwa kuwa hakikuwa na njia nyingine ya kumfikia mdogo wake, kilifanya kilichozoea kufanya kila siku. Kilimgeukia mtu wa tatu.

“Kibwana,” alipaza sauti, “mwambie yule wa pampu aondoke.”

Kibwana alikuwa juu ya magunia, kaipa mbele ya lori kisogo, akilipanga lile lililotua sasa hivi. Alisikia maneno aliyoyasikia kila siku, na akajibu kama alivyojibu kila siku.

“Barua imepokelewa. Tukifika nitamfikishia.”

Zikabaki hatua thelathini. Mzee Singano alikuwa nyuma ya lori, kainamia gunia, asiione mbele. Hatibu akayaacha magunia, akakimbia. Hakukata tamaa, kwa sababu lori lilikwenda taratibu mno. Alijiambia atapanda, atakanyaga breki, na jambo litakwisha bila neno kuvunjika. Akaushika mlango, akaweka mguu juu ya kidato. Kidato kilikuwa kimelowa maji ya chumvi yaliyodondoka kutoka magunia. Mguu ukateleza, mkono ukaachia, akaporomoka kando ya tuta hadi jarubani, akazama magotini kwenye tope. Akapanda kwa kucha na viganja, udongo ukimvunjikia mikononi, akateleza tena, akapanda tena. Aliposimama juu ya tuta, lori lilikuwa mbele yake na hatua zilizosalia hazikufika kumi.

Hapo ndipo alipoita.

“Chande!”

Lilitoka kwa sauti ya baba yao, kama alivyosimulia baadaye Mzee Singano. Lilipasua upepo na pampu na injini, likafika. Na Chande akalisikia. Lau angeitwa na mtu mwingine yeyote, angeruka kabla ya kutazama. Mtu akiitwa kwa sauti kama ile huruka. Lakini ilikuwa sauti ambayo hakuisikia kwa miaka miwili, ikisema neno ambalo aliapiwa halitasemwa. Aliinuka polepole, akageuka, na macho yake hayakulitazama lori. Yalimtafuta kaka yake. Alisimama pale, mikono ikichuruzika maji, uso umefunguka kama wa mtu aliyeambiwa habari njema akawa anangoja arudiwe ili aamini.

Lori halikuwa na haraka, wala halikuwa na hasira. Lilimfikia kwa mwendo ule ule liliotoka nao mwanzo wa tuta, likamwegemeza kwenye bomba la chuma, na kwa kuwa lilikuwa giani, halikukoma. Liliendelea kusukuma, magurudumu yakijizungusha pole pole, mpaka Mzee Singano alipopanda kwa mlango wa pili akalizima.

Walimlaza juu ya magunia ya chumvi. Mzee Singano alishika usukani, na Hatibu akakaa nyuma, kichwa cha mdogo wake mapajani mwake, njia yote ya vumbi kuelekea hospitalini. Alimwita kwa jina njia nzima. Alimwita kama mtu anayelipa sala zilizompita, moja baada ya nyingine, akihofia muda. Chande alifumbua macho walipokaribia barabara kuu.

“Kaka,” alisema, “umeniita.”

“Nimekuita, Chande.”

“Nimesikia.” Akatafuta pumzi. “Mwambie mama umeniita. Usimtume mtu. Mwambie mwenyewe.”

Hatibu alimlakinia shahada, na midomo ya kijana ikatikisika ikaifuata. Walipofika hospitalini hapakuwa na kazi iliyobaki kwa daktari.

Alasiri ile askari alikuja kuandika maelezo. Aliwakuta Hatibu, Mzee Singano na Kibwana wamekaa kwenye benchi la hospitali, tope limewakaukia miguuni. Akamwuliza Hatibu lori lilikuwa katika hali gani alipolishuka. Hatibu, ambaye hakuwa mtu wa uongo, alijibu kile alichokiamini miaka yote.

“Nililiacha limesimama, afande. Sikuwa nimelikanyagia mafuta. Halikuwa linaendeshwa na mtu.”

Askari aliinua kalamu asijue aandike nini. Ndipo Mzee Singano aliponena, bila kumtazama yeyote, kwa sauti ya mtu aliyechoka.

“Hatibu, mwanangu. Gari lililo giani halijasimama.”

Hakusema zaidi, wala hakukusudia zaidi ya lori. Lakini Hatibu alilipokea neno lile likashuka hadi mahali ambapo Mzee Singano hakupajua. Alisikia sauti yake mwenyewe, Ijumaa baada ya Ijumaa, akimwambia mama yake: mimi nimesimama. Akafahamu kwamba hakuwahi kusimama. Siku ile matangani alitia gia, akashuka, akaondoa mguu, akatembea kando akijiona hana dhambi, akisali, akifunga, akinuia mema; na kitu kile kilikuwa kikienda. Kilikwenda alipolala na kilikwenda aliposujudu. Kwa miaka miwili kilimfuata Chande mgongoni kwa mwendo wa mzee mwenye mkongojo, na siku kilipomfikia kilimkuta mwenye kukianzisha yuko mbali na breki. Akauficha uso wake katika viganja, akasema, “Andika hivyo alivyosema mzee.”

Alikwenda kwa mama yake mwenyewe, hakumtuma mtu. Yaliyosemwa mle chumbani hayakutoka nje. Waliokaa ukumbini walisikia tu jina la Chande likitajwa na sauti ya mwanamume, mara nyingi.

Maziko yalikuwa asubuhi ya pili. Safari hii Hatibu hakuchelewa. Aliingia kaburini, akampokea mdogo wake, akamlaza kwa ubavu wa kulia kumwelekeza kibla, akamfukia kwa mikono yake. Udongo ulipokwisha kusawazishwa, mwalimu wa msikiti akachutama kichwani pa kaburi kusoma talkini, na kama ilivyo desturi yetu, akamwita maiti kwa jina la mama yake. Ewe Chande, mwana wa Tunu. Mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Watu waliinamisha vichwa. Hatibu alikuwa ameinua chake, akitega sikio.

Mbele ya hakimu alikiri, akahukumiwa, akaitumikia adhabu yake. Mama yake, kwa kuwa alikuwa mrithi wa marehemu, alimsamehe diya, fidia ya damu. Lakini kafara hazisamehewi na mama. Alifunga siku tatu za kiapo, kwa kuwa alikivunja alipoita lile jina. Ndizo siku tatu zile alizoziahirisha baada ya chumvi, baada ya masika, baada ya Ramadhani. Alipozimaliza aliona jinsi zilivyokuwa fupi, akalia kilio ambacho hakulia kaburini. Kisha akaingia katika miezi miwili mfululizo, kafara ya aliyeua pasipo kukusudia, akaifunga yote.

Hakushika usukani tena. Lori lile nalo halikuendeshwa tena tutani. Lilivutwa kando ya ghala, likazama magurudumu nusu katika mchanga, kutu ikalila. Hatibu akawa akipita akiliona kila siku, kwani njia ya kwenda msikitini ndiyo ile.

Na kila aliposikia kwamba watu wawili hawasemezani, alikwenda. Haikuwa lazima wawe jamaa zake, wala hakungoja kuitwa. Alibisha hodi, akakaribishwa, akakaa. Mwenye nyumba humwambia, kama wote wasemavyo, Mzee Hatibu, mimi sina ubaya naye, nimenyamaza tu, nimesimama hapa nilipo. Hatibu hakutoa hoja wala hakusoma aya. Alimwuliza tu mdogo wake anaitwa nani, au jirani yake, au shemeji yake, yule asiyesema naye, anaitwa nani. Wengine walilitaja jina. Wengine liliwakwama menoni, na hao ndio aliokaa nao hadi jua likapinduka.

Alipoinuka kuondoka aliacha nyuma yake maneno manne, si yake, ya mpakia chumvi, na hayo ndiyo mliyoyasikia jana barazani mkayacheka: gari lililo giani halijasimama.